Shabu au chuma? Kuchagua dawa ya kugandisha maji machafu ya labo hapa Lubumbashi

Nyuma ya labo ninayofanyia kazi kulikuwa na bidoni 12 za njano, za lita 20 kila moja, zimepangwa kwenye kivuli cha mwembe. Ndani yake mlikuwa na maji ya samawati, mengine ya kijani kama kutu ya shaba, mengine ya pinki hafifu. Ni masalio ya kazi yetu ya kila siku: mawe ya shaba na kobalti yanasagwa, yanayeyushwa kwa asidi, kiasi kidogo kinaingia kwenye mashine ya kupima metali, na kinachobaki kinamiminwa kwenye bidoni. Siku moja mama anayelima lengalenga (mchicha) karibu na mtaro alisimama mlangoni akauliza kwa upole: “Mwana, ile maji yenu munamwangaka wapi?” Nikamwonyesha bidoni. Akazihesabu kwa kidole, moja moja, halafu akauliza tena: “Na hizi zikijaa?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Mitaro ya mji wetu inashuka hadi mto Lubumbashi, mto Lubumbashi unaingia Kafubu, na Kafubu inaelekea Luapula. Tangu siku ile nimekuwa nikijaribu dawa za kugandisha maji machafu, yaani kuushikanisha uchafu wake ili utue chini, na ninaandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu wa labo wanaojiuliza wanunue ipi: shabu, kloridi ya chuma, PAC (dawa nyingine ya alumini), au waanze na moringa inayoota uani.

Kwanza nieleze dawa hizi zinafanya nini, maana hapo ndipo uamuzi wote unapotokea. Vumbi laini lililo ndani ya maji halitui kwa sababu kila chembe imebeba chaji hasi, na chembe zenye chaji ya aina moja zinafukuzana. Chumvi za alumini na za chuma zinatoa ayoni zenye chaji chanya tatu. Zinaizima ile chaji ya chembe, na papo hapo zenyewe zinageuka utelezi kama uji mwepesi unaozoa uchafu njiani. Hiyo ndiyo hatua ya kugandisha, nayo inataka kukorogwa kwa nguvu kwa muda mfupi. Baada yake unakoroga polepole ili chembe zigongane na kushikana ziwe madonge makubwa yanayozama kwa uzito wao. Ukikoroga kwa nguvu katika hatua hii ya pili unayavunja madonge uliyoyatengeneza.

Kuna vitu ambavyo dawa hizi hazivigusi hata kidogo: nitrati, chumvi ya kawaida, amonia, pombe na viyeyushi vilivyochanganyika na maji. Vinapita vilevile vilivyoingia.

Kuna bidoni nyingine ambazo hazitakiwi kuingia kwenye kazi hii kabisa. Kama labo yako inapima COD (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu wa majini) kwa njia ya dikromati, masalio yake yana zebaki, fedha na kromiamu ya daraja la 6 (daraja ni hesabu ya chaji ya metali). Yaweke peke yake, yafunge, yaandike jina, wala usiyachanganye na kitu. Kromiamu ya daraja la 6 haitui kwa chokaa. Lazima kwanza ishushwe iwe ya daraja la 3, kwa kawaida kwa metabisalfiti ya sodiamu kwenye pH ya 2 hadi 3 (pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni kinyume cha asidi). Maji yenye sayanidi yakikutana na asidi yanatoa gesi inayoua. Maji yenye salfidi ni hivyohivyo. Viyeyushi vina bidoni yake.

Na amonia. Hili nilijifunza kwa machungu. Mwenzetu mmoja, kwa haraka za mwisho wa zamu, alimimina masalio yenye amonia kwenye bidoni ya maji ya shaba. Maji yakageuka samawati iliyokolea, nzuri kuitazama. Tukatia chokaa hadi pH 10, tukangoja usiku kucha, asubuhi tukakuta samawati ileile imetulia juu ya tope kidogo. Amonia inaikumbatia shaba na kuishikilia ndani ya maji. EDTA, kemikali ya labo ya kushika metali, inafanya vivyo hivyo, tena kwa nguvu zaidi. Tangu hapo kila bidoni ina kipande cha plasta nyeupe chenye maandishi ya kalamu isiyofutika: nini kimo, nani alimimina, tarehe gani.

Shabu na kloridi ya chuma, uso kwa uso

Shabu ninayoisema hapa ni salfeti ya alumini, ile inayotumika kwenye mitambo mingi ya maji ya kunywa. Si lile jiwe la kinyozi, ingawa ni ndugu. Inauzwa kwa vipande au unga, ni nyepesi kuibeba, haichafui mikono, na ukimwaga kidogo mezani unafuta kwa kitambaa. Kwa bei, mara nyingi ndiyo nafuu kuliko dawa nyingine za viwandani. Kwa mtu anayeanza, shabu ni mwalimu mzuri: ukitia kiasi sahihi unaona madonge meupe yakizaliwa kama theluji ndani ya beshe, ile glasi kubwa ya labo.

Lakini shabu ina nyumba ndogo ya kuishi. Inafanya kazi vizuri kwenye pH ya karibu 6 hadi 7.5. Ukishuka chini sana alumini inabaki imeyeyuka. Ukipanda juu ya 8.5 au 9 inayeyuka tena kwa namna nyingine, na maji yako yanabeba alumini uliyoinunua mwenyewe. Tena shabu inakula ualkali wa maji, yaani uwezo wake wa kuzima asidi: kila miligramu 100 kwa lita moja inakula ualkali wa karibu miligramu 50, ukihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Maji ya labo kwa kawaida yametokana na maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa mvuke), hayana ualkali wa akiba. Kwa hiyo ukitia shabu tu bila kitu kingine, pH inaanguka na madonge hayaji. Wenzetu wa Goma wanaosuuza vyombo kwa maji ya Ziwa Kivu wana nafuu kidogo hapo, kwa sababu maji ya ziwa lile yana pH ya karibu 9 na ualkali mwingi.

Kloridi ya chuma, ambayo mafundi wengi wanaiita kwa Kifaransa au kwa alama yake FeCl₃, ina tabia nyingine. Inakuja kama maji mazito ya kahawia au kama vipande vya njano. Ile kavu isiyo na maji ndani yake inatoa joto kali unapoiyeyusha. Tia dawa kwenye maji kidogo kidogo, kamwe usimimine maji juu ya dawa. Inakula chuma, inakula zege, inaacha madoa ya kutu kwenye koti, kwenye sinki na kwenye sakafu, na madoa hayo hayatoki kwa sabuni. Ualkali inakula zaidi kuliko shabu, karibu miligramu 92 kwa kila miligramu 100. Ukizidisha kipimo, maji yanabaki na rangi ya chai.

Ukiishia hapo utasema shabu imeshinda. Mimi pia nilisema hivyo, nikanunua shabu.

Tulichukua maji ya bidoni moja, tukayapandisha kwa chokaa hadi pH 7, tukatia shabu, tukakoroga, tukangoja. Baada ya nusu saa maji ya juu yalikuwa meupe kama ya chemchemi. Kijana wetu wa mafunzo alinyanyua beshe kwenye mwanga wa dirisha na kusema, “Yaya, hii hata mutu anaweza kunywa.” Nikamwambia tupeleke kwanza kwenye mashine. Shaba ilikuwa imepungua sana. Kobalti ilikuwa karibu yote mle ndani, imeyeyuka, haina rangi tena kwa sababu ya kuchanganywa na maji mengi. Macho yetu yote mawili yalidanganyika.

Sababu yake inajulikana, nami ningeisoma kabla ya kununua. Kila metali ina pH yake ya kutua. Chuma cha daraja la 3 kinaanza kutua mapema, kwenye 3 au 4. Shaba inatua vizuri karibu na 8 hadi 9. Zinki inataka 9 hadi 10, na ukipita 11 inaanza kurudi majini. Kobalti inataka kama 10. Nikeli nayo ni jirani yake, 10 au zaidi kidogo. Sasa weka jambo hilo kando ya nyumba ya shabu. Kobalti inatua mahali ambapo shabu inayeyuka. Haziwezi kukutana katika beshe moja. Kloridi ya chuma, kinyume chake, hidroksidi yake, yaani ule utelezi wake, inabaki imara hata kwenye pH 10 na zaidi, na madonge yake ni mazito kuliko ya shabu, yanazama upesi, hayaelei juu juu kama usufi.

Kwa labo za mawe hapa Katanga, hoja hiyo peke yake inatosha. Nunua chuma. Madoa ya kahawia tutayavumilia.

Kuna faida ya pili ambayo kwa mawe yetu si ndogo. Aseniki inajinata kwenye hidroksidi ya chuma vizuri sana, hasa aseniki ya daraja la 5, na kuyeyusha mawe kwa asidi ya nitriki kwa kawaida kunaipeleka kwenye daraja hilo. Ila inajinata vizuri pH ikiwa upande wa asidi au kati, si kwenye 10. Kwa hiyo kama sampuli zako zina aseniki, fanya kazi kwa vituo viwili: tia kloridi ya chuma, pandisha pH hadi 5 au 6, ngoja madonge yatue, tenga maji ya juu, ndipo uyapandishe maji hayo hadi 10 kwa ajili ya kobalti. Ni kazi ndefu. Inafaa.

Chokaa haikwepeki

Wengi wananiuliza kuhusu dawa ya kugandisha na kusahau kwamba kwa maji ya asidi yenye metali, mfanyakazi mkuu ni chokaa. Dawa ya kugandisha inakuja kukusanya kile ambacho chokaa imekitoa majini. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua chokaa.

Hapa tumebarikiwa. Mawe ya chokaa ya Kakontwe yako Likasi, kama kilomita 120 kutoka kwetu, wakati dawa nyingi nyingine zinapanda malori kutoka bandari za mbali na kupita mpaka wa Kasumbalesa. Lakini angalia unachouziwa. Unga wa mawe ya chokaa uliosagwa tu, ambao haukuchomwa, hauwezi kukufikisha pH 10. Unaishia karibu na 6 au 7. Chokaa iliyochomwa na bado haijazimwa inachemka ikiguswa na maji, inaunguza ngozi na macho. Unayoitaka ni chokaa iliyozimwa, unga mweupe laini. Nayo ikikaa kwenye mfuko uliotoboka inavuta hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe. Jaribio ni rahisi: weka kijiko kimoja kwenye beshe, dondoshea asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa. Mapovu machache si neno. Ikichemka mapovu kama soda iliyotikiswa, mfuko huo rudisha dukani.

Tengeneza maziwa ya chokaa, gramu 100 kwa lita moja ya maji, na uyakoroge kila unapoyatumia kwa sababu yanatua chini upesi. Yatie kidogo kidogo kwenye maji ya asidi, nje, penye hewa, ukiwa umevaa miwani na glavu. Mwanzoni pH inapanda kwa uvivu, halafu inaruka ghafla. Hapo ndipo watu wanapopitiliza. Kama maji yako yalikuwa na asidi ya salfa, utapata pia jasi nyeupe nyingi na tope litaongezeka. Soda kali (hidroksidi ya sodiamu) ikitumika badala ya chokaa inatoa tope dogo na pH yake inafuatika kwa urahisi zaidi, ila ni ghali, na madonge yake ni mepesi.

PAC

PAC, yaani polialuminiamu kloridi, ni alumini ambayo kiwandani imeshapitishwa nusu ya safari ya kugandisha. Ndiyo maana inakula ualkali mdogo kuliko shabu, inahitaji kipimo kidogo, inavumilia pH pana kidogo, na haisumbuki sana maji yakiwa ya baridi kama asubuhi zetu za mwezi wa 6 na wa 7. Kwa labo ya hospitali au ya chuo kikuu, yenye maji ya kuoshea vyombo, rangi za kupakia slaidi, udongo na sabuni, mimi ningechagua PAC kuliko shabu kama bei inaruhusu. Kwa maji ya kobalti haina msaada zaidi ya shabu; alumini ni alumini.

Neno moja kwa wa hospitali. Maji yenye vijidudu yaue vijidudu kwanza, na dawa ya kugandisha ije baadaye. Ila usimimine kloridi ya chuma, shabu wala PAC kwenye maji ambayo bado yana javeli (dawa ya klorini ya kuulia vijidudu). Dawa hizi ni za asidi, na asidi ikikutana na javeli inatoa gesi ya klorini. Katika chumba kidogo kisicho na dirisha hilo ni jambo la hatari kubwa.

Moringa

Naipenda moringa, na ninajua kwa nini watu wanaitaja: mti unaota, mbegu ni za bure, na unga wa mbegu una protini zenye chaji chanya zinazogandisha matope kweli. Haibadilishi pH sana, na tope lake halina alumini. Kwa maji ya mto yenye udongo mwekundu wakati wa mvua inafanya kazi nzuri. Kwa maji ya labo, hapana. Haiondoi asidi, haitoshi kwa metali iliyoyeyuka, na inaongeza uchafu wa mimea ndani ya maji, hivyo yakikaa siku mbili yananuka. Mwalimu wa shule anaweza kuitumia kuwaonyesha watoto kugandisha ni nini. Hapo iko mahali pake.

Kuhusu polima

Polima ya poliakrilamidi haishindani na hizo nyingine, ni msaidizi wa hatua ya pili. Unaitia baada ya dawa ya kugandisha, unapoanza kukoroga polepole, na inafunga madonge madogo kuwa makubwa kama kamba inavyofunga kuni. Gramu 1 kwa lita moja ya maji, inyunyize taratibu juu ya maji yanayozunguka na uiache saa nzima iyeyuke, la sivyo inafanya mabonge kama bukari (ugali) iliyopikwa na mtu mwenye haraka. Kipimo ni kidogo sana, miligramu 1 au 2 kwa lita. Ukizidisha, maji yanateleza na kuziba karatasi ya kuchujia. Pamoja na chuma na chokaa, aina yenye chaji hasi ndiyo iliyotufaa.

Usinunue mfuko kabla ya beshe sita

Chochote utakachochagua, kipimo chake hakipatikani kwa kusoma, hata kwangu. Panga beshe sita za lita moja. Yeyusha gramu 10 za dawa katika lita moja ya maji. Mililita 1 ya maji hayo ndani ya beshe ni miligramu 10. Tia mililita 5 kwenye ya kwanza, 10 kwenye ya pili, na kuendelea hadi 30 kwenye ya sita: umepata miligramu 50 hadi 300. Rekebisha pH ya kila moja, kwa sababu dawa yenyewe inaishusha. Koroga kwa nguvu dakika 1, polepole dakika 15 hadi 20, acha nusu saa. Sisi hatuna mashine ya kukorogea beshe sita kwa pamoja. Tunatumia vijiti sita vya kioo na watu watatu, saa ya ukutani mbele yetu, na umeme ukikatika kazi haisimami.

Tazama beshe zote kwa usawa wa macho, na karatasi nyeusi nyuma yake. Unatafuta mpaka uliokatika wazi kati ya tope na maji. Mara nyingi ya tano na ya sita zinakuwa chafu kuliko ya nne: dawa ikizidi, chembe zinageuka chaji chanya na kuanza kufukuzana upya. Halafu pima metali kwenye maji ya juu. Kama labo yako haina mashine, peleka chupa mbili kwa jirani mwenye nayo. Katika mji huu wa wachimbaji hazikosekani.

Maji yaliyotua kwenye pH 10 hayaendi mtaroni hivyo. Kwanza yachuje ili tope lisirudi kuyeyuka, ndipo uyashushe kwa asidi kidogo hadi kati ya 6 na 9.

Na lile tope. Bidoni zetu 12 zilitoa ndoo mbili na nusu za uji wa kahawia, na karibu kila gramu ya shaba na kobalti iliyokuwa ndani ya maji sasa imo humo. Tope la chuma na chokaa linakamulika vizuri kwenye kitambaa cha pamba. La shabu linashika maji kama sifongo na linachukua siku nyingi kukauka. Wakati wa kiangazi tunalikausha kwenye karai chini ya bati, mbali na upepo, kisha linaingia kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko, limeandikwa. Halimwagwi shimoni, halizikwi bustanini, maana mvua yenye asidi kidogo inaweza kuitoa metali tena. Sheria yetu ya mazingira, namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, imo kwenye ukuta wa ofisi yetu kando ya orodha ya mapipa. Pipa la kwanza limefika nusu, na tunazungumza na kiwanda kinachoyeyusha shaba ili walipokee pamoja na mawe yao.

Wiki iliyopita yule mama alipita tena akiwa na kikapu cha lengalenga kichwani. Nilimwita aje aone pipa, nikamfungulia kifuniko. Aliinama, akatazama ule unga wa kahawia kwa muda mrefu, akauliza: “Yote ilikuwa mu maji?” Nikamjibu ndiyo, yote.